Bahari ya Loresho

Kangemi, Nairobi
9 Februari 2025

Shangazi Peres mpendwa,

...na hapo ndipo simu ilipokatika, kabla sijafika kwenye utamu wenyewe: hakuyachemsha! Kuria wangu, mwanamume mzima, diploma yake imetundikwa ukutani kwa mama yake Uthiru, na bado alikataa kuyachemsha maji ya bahari uliyotupatia. Alisema, "Namalwa, nikiyachemsha yatakuwa supu. Nataka mwani wangu uonje bahari ikiwa bahari." Shangazi, niliyeyuka pale pale kama siagi kwenye uji.

Lakini ona, nimeanza kulonga bila hata kubisha hodi. Nisamehe, ndoa bado mbichi, adabu itarudi. Je, umeamkaje huko Kilifi? Goti lako limekubali ngazi za shule au bado linakuvuta sikio? Sisi hapa tu wazima, tena wazima kupita kiasi, hata majirani wa ploti wanasema tunacheka sana na kuta ni nyembamba.

Nimetii agizo lako ulilonipa tukiondoka: "Simu ni ya salamu na M-Pesa, ndoa inaandikwa." Basi naandika. Nikipita mjini asubuhi kwenda saluni nitaiacha barua kwa watu wa mabasi, wameniahidi itafika na vifurushi vya kesho.

Wateja wangu pale Kenyatta Market wananiuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nawaambia anachunga bahari Loresho. Wanacheka mpaka nywele zinanitoka mkononi. "Bahari ya Loresho! Na papa je, wako Westlands?" Mimi nawaacha wacheke. Hawajaona nilichoona. Nyuma ya ile nyumba kubwa yenye maua ya zambarau, kando ya Waiyaki Way, kuna chumba kimoja chenye rafu, na kwenye rafu kuna chupa za kioo zimepangwa chini ya taa nyeupe. Ndani ya chupa kuna maji yenye chumvi anayoichanganya Kuria kwa mikono yake, na ndani ya maji kuna mwani mdogo hivi kwamba jicho halioni mmoja mmoja. Linaona rangi tu. Na rangi yenyewe, Shangazi, ni ya asali! Nilidhani mwani wote ni kijani. Kuria akasema kijani kimo, ila kimefunikwa na rangi nyingine ya dhahabu. Mwenye kazi hiyo, Daktari Kasiva, ameutunza mwani huo tangu akiwa mwanafunzi. Anauhamisha kutoka chupa kuukuu kwenda chupa mpya, kama mtu anayehamisha moto jiko hadi jiko.

Unakumbuka pale mezani kwako Kuria aliposema kwa masikitiko, "Mwani wangu ni wa bahari lakini haujawahi kuiona bahari"? Na wewe ulipotaka kuturudishia ile chupa ya maabara yenye kifuniko cha buluu, tuliyokuletea ikiwa na asali ya mama mkwe wangu Nyokabi, ukasema nyumba yetu hairudishi chombo kitupu, ukachukua fimbo yako ukateremka mwenyewe ufukweni? Mimi nilidhani utatuwekea nazi. Zawadi gani ile!

Jumatatu tuliporudi kutoka kwako alinichukua nikaone. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi, maana viatu vya nje haviingii. Akayapitisha maji kwenye kichujio chenye matundu madogo kuliko chochote, ili uchafu ubaki, kisha akaugawia mwani kijiko kijiko, chupa baada ya chupa, akinong'ona, "Karibuni nyumbani." Maji hayakufika safu ya chini. Kidogo kilichobaki nikakitia kwenye kichupa changu cha manukato kilichoisha. Kiko hapa dirishani, nakitazama ninapokuandikia.

Nampenda, Shangazi. Nampenda mpaka naona haya.

Mwana wa ndugu yako,
Namalwa (mke wa Kuria! Bado napenda kuliandika jina hilo)


Kilifi
18 Februari 2025

Mwanangu Namalwa,

Barua imefika ikinukia mafuta ya nywele. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya mwandiko. Mimi mzima, goti si zima, lakini hilo ni langu na Mungu. Msalimie Kuria, na mwambie mama yake asali ile nimeifungia kabatini, walimu wenzangu wasije wakaijua.

Nafurahi kwamba unafurahi. Furahi sana sasa. Usiweke akiba ya furaha, haina riba. Ila usimtangaze mume sana saluni. Mume akisifiwa kwenye viti vitatu, cha nne kinataka kumwona.

Kuhusu maji yangu, mimi nilikuwa nafanya mzaha nusu. Siku ile bahari haikuwa hata nzuri. Ilikuwa na rangi isiyo yake, kama chai iliyozidi maziwa, nikasema labda ni mambo ya mito. Lakini goti lilikuwa limeshafika chini, singerudi na chombo kitupu. Kama mwani wa Kuria umeyapenda, basi hauna mashauzi.

Niandikie unavyopika. Hujaniambia hata siku moja unavyopika.

Shangazi yako,
Peres


Kangemi
4 Machi 2025

Shangazi wangu,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na nafuu, maana mimi nafuu sina. Mwili ni mzima. Kinachouma ni roho, tena inauma kwa hasira.

Uliuliza ninavyopika. Napika vizuri na chakula kinapoa! Napika mrenda, napika kuku, najifunza hata mukimo wa kwao, na mwenyewe yuko Loresho anatazama chupa. Tuliahidiana kwamba Jumapili ni yetu, kanisa halafu kutembea, halafu kuketi tu tukitazamana kama wajinga. Jumapili iliyopita niliketi nikatazamana na sufuria.

Mwani unafifia, Shangazi. Asali imekuwa chai, chai imekuwa maji ya kuoshea mchele. Kinachomkera Kuria zaidi ni kwamba rangi haikuwa ya kwanza kuondoka. Ana kimashine kinachomulika chupa kwa mwanga wa buluu na kutoa namba, kuonyesha kama mwani unautumia mwanga kujitengenezea chakula au unautazama tu. Namba zilianza kushuka rangi ikiwa bado nzuri kabisa. Alidhani kimashine kimeharibika, akakipiga kofi. Kumbe mgonjwa alikuwa amevaa nguo za harusi.

Wiki jana alikuja nyumbani ananukia asetoni. Mimi ninaijua asetoni, ndiyo tunayofutia rangi ya kucha! Nikamsubiri mlangoni.

"Kuria, nani huyo anayekufuta kucha?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki nzima. "Nakamua rangi, mpenzi. Hautoki bila asetoni."

"Nani hatoki?"

"Umbijani. Kile kijani."

Akaketi mezani, akatoa kipande cha karatasi ya kuchujia, akadondosha tone, akasimamisha ncha ndani ya glasi yangu ya juisi yenye asetoni kidogo. Shangazi, ungeona! Tone moja la kahawia likapanda karatasi likajigawanya, kijani hapa, dhahabu pale, na njano kidogo. Kama msuko uliofumuliwa ukakuta ndani kuna nywele za rangi tatu. Akanieleza taratibu, akishika kidole changu na kukiweka juu ya kila mstari. Kijani ndicho kinachoshika mwanga wenyewe. Dhahabu inakisaidia. Njano haina shughuli na chakula, kazi yake ni kuumwaga mwanga uliozidi, kama pazia. Mitambo ya ndani ikilegea, mwanga ule ule uliokuwa chakula unageuka moto, ndipo mwani unafunga mapazia. Kwenye mwani wenye afya mstari wa njano ni mwembamba kama uzi. Kwenye huu unaofifia, kijani kimekonda na njano imenenepa. Nimekubandikia karatasi zote mbili hapa chini ujionee. Kama zimefika zimepauka, ndivyo zilivyo, hazivumilii jua.

Sasa sikia balaa. Daktari Kasiva aliona njano hiyo akasema, "Njano ikipanda, wanaunguzwa na mwanga. Nani alibadilisha taa?" Na aliyebadilisha taa mwezi wa kwanza ni Jackton, fundi stima, jirani yetu wa mlango wa tatu! Jackton akaapa kwamba taa ni zile zile za nguvu ile ile. Daktari, ambaye hajalala vizuri, akamwambia asikanyage tena uani kwake. Kuria amehamisha rafu, amefunika taa kwa karatasi, amebadilisha chumvi, ameosha kila kitu kwa maji ya moto. Chupa zinazidi kufifia.

Mkataba wake unaisha mwisho wa Aprili. Mwani ukiisha kabla, hakuna atakachoajiriwa kukichunga. Anasema "tutaona". Neno gani hilo la kumwambia mke mpya? Usiku anageukia ukuta. Mimi nilidhani nitashindana na wanawake, kumbe nashindana na chupa.

Mwanao mwenye hasira,
Namalwa


Kilifi
13 Machi 2025

Namalwa mwanangu,

Pole. Pole pia kwa sufuria. Karatasi zimefika, njano naiona, kijani nakiona kwa imani.

Mimi nimefundisha darasa la nne miaka mingi na kitu kimoja nimejifunza: watoto wanapoumwa tumbo, usiulize kwanza wamekaa wapi, uliza wamekula nini. Huyo Daktari anauliza taa. Kuria anaosha rafu. Sijasikia mtu akiuliza walikunywa nini.

Nikumbushe. Uliniandikia kwamba maji yangu hayakufika safu ya chini. Je, zilizofifia kwanza ni za juu au za chini? Muulize mumeo akiwa ameshiba.

Nimekuwa nikiyafikiria yale maji na sipendi ninachofikiri. Labda mimi ni mzee mwenye wasiwasi. Muulize.

Shangazi yako


Kangemi
24 Machi 2025

Shangazi,

Salamu zako nimezifikisha, na leo nakusalimu kwa ufupi kwa sababu nina mengi ya kusema. Uko salama? Sisi tuko hai. Tuache hapo.

Nilimuuliza. Nilifanya ulivyosema, nikasubiri ashibe. Jumamosi alinijia saluni, nikamalizia mteja, tukaenda kwa wachoma nyama pale pale Kenyatta Market. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kijani ulilolipenda. Nyama ikaja, ugali ukaja, alikuwa anakula kama mtu aliyeachiliwa.

"Kuria," nikasema, "Shangazi anauliza kama zilizofifia kwanza ni zile zilizokunywa maji yake."

Akaacha kutafuna.

"Shangazi yako angekuwa polisi."

"Nijibu."

"Kachumbari imeisha. Niitishe ingine?"

"Kuria wa Nyokabi!"

Nilipaza sauti mpaka mchoma nyama akageuka na kisu. "Madam, mpige polepole, bado hajalipa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kuria alikuwa anatazama mikono yake.

"Za juu," akasema. "Zote zilizokunywa. Za chini zilibaki nzuri mpaka nilipozigusa kwa mrija ule ule."

"Ulijua lini?"

"Februari ikiisha."

Shangazi, tangu Februari! Alichukua maji ya chupa iliyofifia, akayapitisha kwenye kile kichujio chake cha ajabu, akaweka tone kwenye chupa nzima. Ikafifia. Akachukua maji yale yale, akayachemsha, akaweka tone kwenye nyingine. Ikabaki asali. Maana yake kuna kitu kinachopita kwenye kichujio na kufa kwenye moto. "Kichujio kinazuia bakteria," akaniambia, kama mtu anayekiri kwa kasisi. "Virusi ni vidogo zaidi. Vinapita kama watoto chini ya ua. Virusi vya bahari, vya mwani tu, wewe na mimi havitufanyi kitu. Vinaingia ndani ya mwani, vinaiteka mitambo yake ijenge virusi vingine. Mwanga unaendelea kuingia na hakuna wa kuupokea. Ndipo njano inapanda. Si taa, Namalwa. Haikuwa taa hata siku moja."

"Na ulimwacha Jackton afukuzwe."

Akasukuma sahani pembeni.

"Jackton ambaye alitufungia balbu ya jikoni siku ya harusi! Rael mkewe ananiazima mwiko wake! Neno limeshasambaa Loresho yote kwamba anaunguza vitu vya watu, Kuria, hata wateja wake wa ile nyumba yenye mbwa wawili hawamwiti tena!"

Akainua macho. Yalikuwa mekundu, na si kwa pilipili.

"Ningemwambia Daktari nini? Kwamba mke wangu alileta zawadi na zawadi ikaua kazi ya maisha yake? Ungekuwa unapita lile geti kama mchawi. Nilitaka ukumbuke safari yetu ilivyokuwa. Wewe unakitazama kile kichupa dirishani kila asubuhi ukitabasamu. Nikuambie kina nini ndani?"

Angekuwa mtu mwingine ningemmwagia mchuzi. Lakini Shangazi, alivyosema hivyo nilimpenda na nikamchukia kwa pamoja, sijui kama hilo lina jina. Nikamwambia, "Umenifungia pazia mimi, na jua lote linamwunguza Jackton." Nikaondoka. Nilitembea mpaka Upper Hill nikiwa nalia na viatu vya visigino, wauguzi wanaotoka zamu wakinipa njia wakidhani nimefiwa.

Sasa hatusemezani. Akimwambia Daktari, mkataba umekwenda. Nani anampa mkataba mtu aliyeua alichoajiriwa kukilea? Asipomwambia, nitamtazamaje Rael machoni? Nimekasirika na Kuria, na virusi, na Daktari asiyeuliza, na bahari. Nimekasirika hata na wewe kidogo, kwa kuteremka na goti bovu. Nisamehe kwa hilo la mwisho. Hapana, usinisamehe, nimelimaanisha kidogo.

Niambie la kufanya.

Namalwa


Kilifi
31 Machi 2025

Mwanangu,

Sikusamehe kwa sababu hukukosea. Chupa niliijaza mimi. Kama Loresho inatafuta mchawi, jina lake ni Peres na anapatikana darasa la nne.

Usimtume Kuria peke yake, ataporomoka njiani na kurudi na "tutaona". Na usimwendee Daktari nyuma ya mgongo wa mumeo, hilo hatalisahau maisha yake yote. Nendeni wawili, mkiwa mmevaa vizuri. Kazi ikienda, iende. Kazi ya Kuria inawalisha watu wawili wenye nguvu, wasio na mtoto. Kazi ya Jackton ni jina lake. Fundi hana mkataba mwingine. Na mnachota maji bomba moja naye. Mtachota mkitazama wapi?

Tena usimwite mumeo mwoga. Alikupenda vibaya, lakini alikupenda. Wengine wetu hatukupata hata hayo mabaya.

Nijibu upesi.

Shangazi yako


Kilifi
17 Aprili 2025

Namalwa,

Hujajibu. Simu yako inaita bila kupokewa, na Kuria ananijibu "tuko sawa Shangazi" kisha anakata upesi. Nimekwenda kwa watu wa mabasi mara mbili kuuliza kama kuna bahasha, sasa wananiita "mama wa barua".

Kama mmekosana sana, njoo kwangu. Kama mmekwenda na mambo yamekuwa mabaya, njooni nyote wawili. Kama hamjaenda, nitapanda basi mimi na goti langu nije Loresho nijitambulishe.

Pasaka njema, hata hivyo.

Shangazi yako anayengoja


Kangemi
5 Mei 2025

Shangazi Peres, mama yangu wa pili,

Usipande basi! Weka fimbo chini, keti, jimiminie chai, ndipo usome. Tuko salama. Nakuomba radhi kwa ukimya, na kwa wale watu wa mabasi. Sikuwa na la kuandika ambalo lisingekuwa aibu, maana barua yako ilifika na bado hatukwenda. Kila siku Kuria alisema "kesho", na mimi, niliyepiga kelele mbele ya wachoma nyama, nilipofika kwenye kesho yenyewe nikaona mkataba, nikaona kodi ya nyumba, nikanyamaza. Tukawa wawili wa kunyamaza. Nilikasirika mpaka nikakosa wa kumkasirikia.

Kisha, siku chache baada ya Pasaka, Rael alikuja mlangoni akanikabidhi ule mwiko wake anaoniazima. Nikamwambia ni wako huo. Akasema, "Chukua tu. Jackton hapati kazi upande huu, tunarudi nyumbani Siaya mwezi ukiisha. Nitaenda na mwiko wa nini, na mizigo imejaa?" Alikuwa anatabasamu, Shangazi. Niliushika ule mwiko nikaingia ndani, Kuria alikuwa anapiga pasi shati. Hakuniuliza. Alitazama mwiko, akachomoa pasi, akavaa shati likiwa bado la moto.

Tulikwenda kwa miguu. Daktari Kasiva alikuwa ndani ya chumba, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya chupa nyeupe. Tukavua viatu. Kuria akasema yote, kuanzia asali ya mama yake hadi mrija, akimtaja Jackton mara tatu. Mimi nikasema maji niliyaleta mimi kutoka kwa shangazi yangu. Daktari akavua miwani.

"Hukuyachemsha."

"Sikuyachemsha."

"Wewe. Uliyeandika lile tangazo hapo ukutani, 'Chemsha Kwanza'."

"Mimi."

"Kwa nini, Kuria?"

Kuria akanitazama, akamtazama yeye, akasema, "Nilikuwa nimeoa."

Shangazi, nilitaka ardhi inimeze na pia nilitaka kumbusu. Daktari hakucheka. Alisema neno moja tu: "Nje." Tukatoka tumebeba viatu. Tulipogeuka getini tulimwona kupitia dirishani, ameweka kiganja juu ya chupa moja, vile mtu anavyoshika paji la uso wa mgonjwa. Hapo ndipo nilipolia kweli, si kwa ajili yetu.

Mkataba haukuongezwa. Nakuambia waziwazi usije ukadhani hii ni hadithi tamu. Aprili iliisha na Kuria akarudisha funguo.

Lakini jioni ile ile ya "nje", Daktari alimpigia Jackton. Alimwomba msamaha, tena kwa Kiswahili kizuri, Jackton aliweka simu kwa sauti kubwa ploti nzima tukasikia. Akamwomba arudi kutazama taa za nyumba yote, na akasema atawaeleza majirani zake mwenyewe. Jackton naye, kwa madaha, akamjibu, "Daktari, nimekusamehe, lakini niko bize mpaka Alhamisi." Hakuwa bize hata kidogo! Alikuwa amekaa kwenye ndoo anakula muwa. Rael alimrushia kandambili. Mizigo wameifungua. Mwiko nimeurudisha, na Kuria alikwenda mwenyewe mlango wa tatu akakaa huko muda mrefu. Sijui waliongea nini, alirudi na kipande cha muwa.

Sasa kunywa chai kidogo, kuna lingine. Juzi asubuhi Daktari Kasiva alimpigia Kuria: "Njoo uone kitu, usiguse." Alikwenda na mimi nikamfuata, naona geti lile sitaliogopa tena. Kulikuwa na chupa mbili za safu ya chini ambazo Kuria hakuwahi kuzimwaga. Alishindwa, alikuwa anazificha nyuma ya ndoo ya chumvi. Nyeupe kabisa zilikuwa. Lakini ukizishika mbele ya karatasi nyeupe, pale chini kabisa, Shangazi, kuna rangi. Kidogo tu, kama uzi wa asali uliobaki kwenye kijiko. Kuria akamulika kwa kile kimashine chake, na namba ikapanda. Wachache kati ya mwani walivikataa virusi. Virusi vimo mle mle chupani na wao wanakula mwanga wao kama kawaida, na njano yao imerudi kuwa uzi. Daktari akasema hajui walikataaje, na kwamba hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyowahi kuwa nayo, na kwamba bado amemkasirikia Kuria.

Anataka virusi vile vile kutoka mahali pale pale, vipya, ili aone kama watavikataa tena. Nikakimbia nyumbani kuleta kichupa changu cha dirishani, nikajiona nimeokoa dunia. Akakifungua, akanusa, akanitazama. "Haya ni manukato." Shangazi, yale mabaki ya manukato yaliua kila kitu! Hapo ndipo alipocheka, alicheka mpaka akashika rafu, na Kuria akacheka, na mimi nikachukia na kisha nikacheka.

Basi amempa Kuria kazi ya kibarua, siku kwa siku, hakuna mkataba, hakuna ahadi. Ya kwanza ni kumletea maji ya bahari kutoka mkononi mwako, na umwonyeshe kwa kidole ulisimama wapi na maji yalikuwa na rangi gani. Nauli ya Kuria anatoa yeye, yangu nimesuka vichwa vya kutosha. Ile chupa yenye kifuniko cha buluu nimeichemsha mwenyewe, mara mbili, Kuria akisimamia kama askari. Nilitaka kuileta hivyo, tupu na safi. Mama Nyokabi akaninyang'anya, akasema kwani yeye hana nyumba, akaijaza asali mpaka shingoni. Hivyo itabidi kwanza uimalize, na walimu wenzako safari hii wapewe.

Bado ninaona haya kwa ninavyompenda. Na bado nina hasira naye, kidogo, siku za Jumapili. Andaa fimbo, na uturuhusu sisi ndio tuteremke ufukweni, wewe uonyeshe ukiwa juu. Tunakuja wawili, kabla Mei haijaisha.

Mwanao,
Namalwa wa Kuria